Chembe au Seli? Majina ya Damu na Yalikotoka

Shangazi yangu alirudi kutoka hospitali na karatasi ya vipimo, akaniita nimsomee. Muuguzi alikuwa amemwambia kwamba chembe zake nyeupe zimepanda. Kipeperushi alichopewa mlangoni kiliandika "seli nyeupe". Mjukuu wake wa darasa la tano akamsahihisha bila kuulizwa: shuleni wanafundishwa "chembe hai nyeupe". Na kwenye karatasi yenyewe hapakuwa na chembe wala seli, palikuwa na herufi tatu, WBC, na tarakimu mbele yake. Kufikia jioni shangazi alishajihesabia maradhi matatu.

Kosa si lake. Kitu kimoja kimepewa majina manne na hakuna aliyemweleza kwamba ni kimoja. Tena majina yenyewe hayalingani kwa maana. Kila moja lilitoka kwa mtu aliyechungulia damu siku fulani, akaona alichokiona, akakipa jina papo hapo. Mmoja aliona vitufe, mwingine sahani, mwingine mundu. Damu haikubadilika, waliobadilika ni wachunguliaji na vyombo vyao.

Nitaanza na seli, kwa kuwa ndilo neno linalojiona la kisayansi kuliko mwenzake.

Mwaka 1665, Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome jepesi la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakiweka chini ya hadubini. Akaona vijumba vitupu vimepangana kama sega la nyuki. Akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini, cella, yaani chumba kidogo, ghala, na baadaye pia chumba anachokaa mtawa peke yake. Alichokiona hakikuwa uhai. Gome lilikuwa limekufa zamani, zimebaki kuta tu, wenye nyumba wamekwisha kuhama. Lakini jina likashika. Kiswahili kimelipokea neno hilo mara mbili: upande mmoja tuna seli ya mwalimu wa biolojia, upande wa pili tuna selo ya kituo cha polisi. Mlevi anayelala selo na seli za ini lake linaloharibika, kwa jina, ni ndugu wa tumbo moja.

Vyumba vya Hooke havikuhusu damu hata kidogo. Damu ilikuwa na wachunguzi wake. Jan Swammerdam wa Uholanzi alikuwa ameona vitu vya mviringo ndani ya damu ya chura mwaka 1658, ingawa maandishi yake yalikuja kuchapishwa miaka mingi baada ya kifo chake. Marcello Malpighi wa Italia aliviona kwenye mishipa ya kalunguyeye, akadhani ni matone ya mafuta. Kisha mwaka 1674 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft aliyejitengenezea lenzi zake mwenyewe, alitazama damu yake na kuielezea vizuri. Aliona vitufe vidogo vyekundu vikielea katika maji angavu. Alipotaka kueleza udogo wake hakuwa na kipimo, kwa sababu vipimo vya udogo wa namna hiyo vilikuwa havijabuniwa, basi akatumia alichokuwa nacho: mchanga. Alikadiria kwamba kitufe kimoja ni kidogo mara 25,000 kuliko chembe ya mchanga laini.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, kwa sababu mchanga kwetu hauhesabiwi kwa vyumba wala vitufe. Unahesabiwa kwa chembe. Chembe ya mchanga, chembe ya sukari, chembe ya wali iliyobaki kwenye ndevu. Mtu asiye na huruma hana hata chembe ya huruma. Ni neno la kitu kidogo kabisa ambacho bado ni kizima, kinachoweza kutengwa na wenzake na kushikwa kwa ncha ya kidole. Ukilirudia likawa chembechembe, unapata vingi vilivyotapakaa visivyo na mpangilio. Aliyetangulia kusema "chembe za damu" kwa Kiswahili, awe nani, alifikiri kama Leeuwenhoek bila ya kuhitaji kumsoma.

Wazungu nao, kwa muda mrefu, hawakuita vitu hivyo seli. Waliviita kwa neno lingine la Kilatini, corpusculum, ambalo ni neno la mwili lililofanywa dogo: kimwili, kijitu. Jina la seli halikufika kwenye damu hadi baada ya Wajerumani wawili, Matthias Schleiden mwaka 1838 na Theodor Schwann mwaka 1839, kutangaza kwamba mimea na wanyama wote wamejengwa kwa seli. Nadharia hiyo ikavisomba vimwili vya damu navyo, vikaandikishwa katika ukoo wa vyumba.

Je, ilikuwa haki kuviandikisha? Hapa mimi nina upande wangu, na nitausema.

Chembe nyekundu ya binadamu haina kiini. Ilikuwa nacho utotoni, ilipokuwa ikitengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, lakini kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa damu ilikitupa nje. Kwa hiyo haina vinasaba vya kurithisha, haiwezi kujigawa ikazaa nyingine, haiwezi hata kujikarabati ipasavyo. Nafasi yote iliyobaki imejazwa himoglobini, protini yenye chuma inayobeba oksijeni. Inafanya kazi ya uchukuzi kwa siku 120 hivi, kisha inachakaa, wengu na ini vinaichukua na kuivunja, chuma kinarudishwa ghalani. Kama seli ni chumba, hiki ni chumba ambacho mwenye nyumba alitolewa ili papatikane nafasi ya mizigo. Chinja kuku ukatazame damu yake kwenye hadubini, utakuta kila chembe nyekundu ina kiini chake, jicho jeusi katikati. Vivyo hivyo samaki, mjusi, na yule chura wa Swammerdam. Sisi wanyonyeshaji ndio tuliotoa viini. Ngamia naye ametoa, ila chembe zake zina umbo la yai badala ya duara, na zinastahimili kuvimba kwa maji pale anapokunywa mapipa kwa mkupuo baada ya siku za kiu.

Ndiyo maana naona "chembe nyekundu" ni jina lililo sawa zaidi na hali halisi kuliko "seli nyekundu". Halidai kitu ambacho hakipo. Sisemi tufute seli. Seli ya ngozi, seli ya ubongo, seli ya jani la mhogo, yote ni sawa, zina viini na kuta au tando zake. Lakini ndani ya damu, acha chembe ikae.

"Chembe hai" ndiyo inayonipa shida. Naelewa ilikotoka. Nadhani watunga vitabu walihofia mtoto atachanganya chembe za damu na chembe za mchanga, wakaongeza "hai" kama alama. Lakini sifa hiyo ikaenea kwa kila seli, na leo mtoto wa shule ya msingi anajifunza chembe hai, akifika sekondari, ambako Tanzania masomo hugeuka kuwa Kiingereza, anaanza upya kana kwamba ni kitu kipya.

Na kuna mtego mwingine ambao wageni wa lugha hunaswa. Chembe ni pia ile ncha ya chuma ya mshale, na chembe cha moyo ni pale chini ya kifua, juu ya tumbo, panapochoma mtu akiwa na vidonda vya tumbo. Mzee akisema anaumwa chembe cha moyo hazungumzii damu. Ngeli ndiyo inayotuokoa: chembe cha mshale huwa vyembe, chembe ya damu hubaki chembe.

Sasa rangi, maana damu ina nyekundu na nyeupe, na zote mbili ni uongo mdogo.

Chembe nyekundu moja ikiwa peke yake chini ya hadubini si nyekundu. Ina rangi ya manjano iliyofifia, kama maji ya chai iliyomiminwa mara ya tatu. Wekundu huonekana zinapolundikana. Na zinalundikana kweli: tone dogo la mikrolita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, huwa na chembe kati ya milioni 4 na 6. Kila moja ina upana wa mikromita 7 hadi 8, na umbo lake ni kama andazi la duara lililobonyezwa katikati kwa vidole viwili, juu na chini, bila kutobolewa. Vitufe vya Leeuwenhoek vilikuwa vimedumu vichwani mwa watu miaka 100 kabla Mwingereza William Hewson hajaonyesha, katika miaka ya 1770, kwamba ni bapa.

Jina lake la kitaalamu ni eritrositi, na ni la Kigiriki. Erythros ni nyekundu. Neno hilo limefika Afrika Mashariki kabla ya daktari yeyote wa Kizungu: mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaotaja pwani ya Azania na soko la Rhapta, uliitwa safari ya Bahari ya Eritrea, yaani bahari nyekundu, na jina hilo wakati huo halikuishia Bahari ya Shamu bali lilishuka na bahari hii mpaka kwetu. Waitalia walilifufua mwaka 1890 walipoliita koloni lao Eritrea. Sehemu ya pili, kytos, ni chombo chenye uwazi ndani, mtungi au bakuli. Eritrositi basi ni chombo chekundu. Na kwa bahati ambayo Wagiriki hawakuwa nayo, chombo kwa Kiswahili ni bakuli na ni jahazi pia. Chombo chekundu kinachopakia oksijeni mapafuni na kuishusha vidoleni: sidhani kama kuna lugha iliyolipokea jina hilo vizuri zaidi, kama tungelitafsiri.

Nyeupe nazo hazina rangi kabisa. Zinapita hadubinini kama vivuli. Weupe wao unaonekana pale tu damu iliyozuiwa isigande inapoachwa ndani ya kichupa, au inapozungushwa kwa mashine. Nyekundu huzama chini, plazma ya manjano hukaa juu, na katikati yake hubaki utando mwembamba wa rangi ya maziwa. Huo utando ndio ulioleta jina. Kwa mtu mzima mwenye afya, chembe nyeupe ni kama 4,000 hadi 11,000 kwa mikrolita, wachache mno mbele ya mamilioni ya nyekundu. Lakini mwaka 1845 Rudolf Virchow wa Berlin alichunguza maiti ambaye utando huo ulikuwa umepita kiasi, akaandika juu ya "damu nyeupe", na mwaka 1847 akatumia Kigiriki kuunda jina leukemia, leukos ikiwa nyeupe na haima ikiwa damu. Sisi tunasema saratani ya damu, jina linaloeleza zaidi na kutisha zaidi.

Kwenye kliniki zetu, chembe nyeupe zina jina jingine ambalo halimo kitabuni: askari wa mwili. Nimelisikia likitumiwa na wauguzi, washauri nasaha na makondakta wa daladala. Ni sitiari nzuri mpaka unapotaka kuelewa mzio, ambapo askari wanawapiga raia. Wagiriki, au tuseme wanasayansi waliopenda Kigiriki, hawakuona askari. Waliona mlaji. Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicilia, Mrusi Ilya Mechnikov alichoma mwiba wa waridi kwenye mwili wa kichanga cha kiti cha pweza, kiumbe kinachopenyeka kwa macho kama kioo. Kesho yake asubuhi alikuta seli zinazotembea zimeuzunguka mwiba, zinajaribu kuumeza. Alipotaka jina, mtaalamu wa wanyama Carl Claus wa Vienna alimpendekezea fagositi: seli inayokula. Ni moja ya majina machache katika damu yaliyotokana na kazi. Mengine karibu yote yametokana na sura.

Na sura, katika damu, kwa kiasi kikubwa ni habari ya rangi za viwandani. Hapa naomba uvumilivu, kwa kuwa ndipo panaponifurahisha mimi.

Ukitazama damu bila kuitia rangi, chembe nyeupe zote zinafanana. Katika miaka ya 1870 viwanda vya Ujerumani vilikuwa vinatengeneza rangi mpya za nguo kutokana na lami ya makaa ya mawe, na daktari mmoja kijana, Paul Ehrlich, alizichukua rangi hizo za vitambaa akazimwaga kwenye damu. Akagundua kwamba chembe zina uchaguzi. Zipo zilizofyonza rangi zenye asili ya besi, akaziita basofili, zinazopenda besi. Zipo zilizofyonza mchanganyiko usioegemea upande, nazo ni netrofili. Na zipo, alizozieleza mwaka 1879, ambazo punje zake za ndani ziling'ang'ania rangi moja ya asidi, eosini, zikawaka rangi ya chungwa lililokolea. Hizo zikawa eosinofili, wapenda eosini.

Eosini yenyewe ilitengenezwa na mkemia Heinrich Caro wa kiwanda cha BASF, ikaingia sokoni karibu mwaka 1874. Ni rangi ya waridi, na Caro aliipa jina la Eos. Kila kamusi itakwambia Eos ni mungu wa kike wa alfajiri wa Wagiriki, na itakuwa sahihi. Lakini Caro alikuwa na sababu ya pembeni: Eos lilikuwa jina la utani la rafiki yake wa utotoni, Anna Peters. Kwa hiyo herufi EOS zilizo kwenye karatasi ya vipimo ya shangazi ni mapambazuko ya Wagiriki, ni rangi ya kitambaa, na ni binti wa Kijerumani aliyependwa na mkemia. Daktari wa kwetu akiona namba yake imepanda hafikirii hata kimoja cha hivyo. Anafikiria minyoo, kichocho, au pumu na mzio, kwa sababu hizo ndizo hali zinazoziita chembe hizo kwa wingi.

Rangi hiyo ina uhusiano wa karibu zaidi nasi. Mfamasia Gustav Giemsa alifanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya 1895 na 1898, kisha akaenda Hamburg kwenye taasisi ya maradhi ya nchi za joto. Mrusi Dmitri Romanowsky alikuwa ameshaonyesha mwaka 1891 kwamba ukichanganya eosini na buluu ya methilini unapata rangi ya tatu, zambarau, inayoonyesha vimelea vya malaria. Tatizo ni kwamba mchanganyiko wake ulikuwa haueleweki, leo unakubali, kesho unagoma. Giemsa aliutengeneza upya ukawa wa kutegemewa, akauchapisha mwaka 1904. Fundi wa maabara anayepima BS, yaani damu iliyopakwa kiooni kutafutwa malaria, leo katika zahanati yoyote kutoka Kwale hadi Kigoma, kabla ya kuinamia hadubini, humimina giemsa juu ya kioo. Kimelea kinatokea na mwili wa buluu na nukta nyekundu ya kiini, kimekaa ndani ya chembe nyekundu ambayo, nimesema, haina kiini chake. Ndiyo maana kinaonekana upesi. Chumba kingekuwa na mwenyewe, mgeni angekuwa mgumu kumtambua.

Chembe sahani nitazipitia haraka, ingawa wakazi wa Dar es Salaam walizifahamu kwa shida wakati wa milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, kila mtu akiuliza "PLT ngapi?", yaani kifupi cha jina lake la Kiingereza. Giulio Bizzozero wa Turin alizieleza mwaka 1882, akaziita visahani kwa Kiitalia kwa ajili ya umbo lake. Mwaka 1906 Mmarekani James Homer Wright alionyesha kwamba ni vipande tu vinavyomeguka kutoka kwenye seli kubwa sana za uboho. Si seli kamili hata kwa kubahatisha. Kwa Kiswahili tunazo mbili: chembe sahani, inayotafsiri umbo, na vigandisha damu, inayotaja kazi. Mimi huchagua ya pili nikizungumza na mgonjwa, kwa kuwa sahani haimwambii kwa nini fizi zinatoka damu.

Kisha wataalamu wakachoka na Kigiriki wakahamia kwenye herufi. Limfositi, aina mojawapo ya chembe nyeupe, zile za T zimepewa herufi ya thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua zinakokomaa. Za B, wengi hudhani, na hata baadhi ya walimu hufundisha, kwamba ni herufi ya kwanza ya jina la Kiingereza la uboho. Sivyo. Ni ya bursa ya Fabricius, kifuko kilicho karibu na njia ya haja ya kuku. Mmarekani Bruce Glick alikuwa akikata vifuko hivyo kwa vifaranga ili ajue kazi yake, na kuku waliokatwa wakashindwa kutengeneza kingamwili. Matokeo yalitoka mwaka 1956 katika jarida la ufugaji wa kuku, ambalo wataalamu wa kinga ya binadamu hawakuwa na mazoea ya kulisoma, yakakaa humo miaka kadhaa. Binadamu hana bursa. Amebaki na herufi ya kuku.

Na CD4, jina ambalo kwa miaka mingi lilitajwa katika nyumba za Afrika Mashariki kuliko jina la chembe yoyote, halina sura wala kazi ndani yake. Ni namba ya orodha. Wanasayansi walipokutana Paris mwaka 1982 kupanga alama zilizo juu ya chembe nyeupe, kwa sababu kila maabara ilikuwa na majina yake, walizipa namba, na hii ikawa ya 4. Ikatokea kwamba virusi vya UKIMWI huingilia hapo, kwenye alama ya 4. Watu wakaanza kusema "CD4 zangu zimefika mia sita" kama anayetaja mifugo, na wakawa sahihi kabisa katika hesabu ingawa hawakuambiwa wanachohesabu.

Limebaki jina moja, na ndilo ninalodhani Kiswahili kilifanya kazi nzuri kuliko yote: selimundu.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za kijana wa Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno, aliyekuwa akipata maumivu na upungufu wa damu. Katika damu yake kulikuwa na chembe nyembamba, ndefu, zilizopinda kama mundu. Jina la ugonjwa kwa Kiingereza lilitolewa mwaka 1922 na Verne Mason. Kama majina mengine, lilishika sura na kuacha sababu. Sababu ilisubiri hadi 1949, Linus Pauling na wenzake walipoonyesha kwamba kasoro imo ndani ya himoglobini yenyewe, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akaikuta mahali pake: asidi amino moja, ya 6 katika mnyororo wa beta, imebadilishwa na nyingine. Himoglobini hiyo ikishusha oksijeni hujipanga kuwa nyuzi ngumu, nyuzi zinaisukuma chembe mpaka inapinda. Ikirudi mapafuni inaweza kunyooka. Ikipindapinda mara nyingi haijui tena kunyooka, inakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Sehemu ya habari hii imefanyika kwetu. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya, alikusanya damu za makabila mbalimbali ya Kenya mwaka 1949, akaona kwamba wanaobeba nusu ya urithi huo, tunaowaita AS, walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache sana nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba nusu hiyo inamkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Urithi kamili, SS, ndio ugonjwa.

Selimundu ni neno zuri kwa sababu kila mtu aliyewahi kukata majani ya ng'ombe anaujua mundu. Wengine hupendelea sikoseli, iliyookotwa kwa sikio kutoka Kiingereza, na ndiyo inayosikika zaidi wodini. Na Waswahili wa Kongo na Burundi, ambako hospitali huandika Kifaransa, hupokea jina drépanocytose. Lifungue utakuta kytos, kile chombo chetu, na drepanon, neno la Kigiriki ambalo maana yake ni mundu. Mama wa Lubumbashi na mama wa Temeke wakikaa benchi moja, kila mmoja na karatasi ya mwanawe, wanaweza kuzungumza nusu saa wakidhani watoto wao wanaumwa vitu tofauti, mpaka mmoja achore lile umbo lililopinda hewani kwa kidole.